Nirudi kwenye piano au nirudi ofisini?

Barua

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, naishi Tabata. Nakuandikia kwa sababu watu wangu wa karibu wote wameshatoa hukumu, na mimi mwenyewe bado sijapata wa kunisikiliza mpaka mwisho.

Nilianza kupiga kinanda usharikani kwetu, Moshi vijijini, nikiwa darasa la nne. Kilikuwa kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu ili kipate upepo, na mwalimu wa kwaya alitufundisha kwa solfa tu, yaani do re mi. Nota za mistari mitano nilikuja kuzijua sekondari, kwa mama mmoja mmisionari aliyekuwa na piano sebuleni kwake. Alinifundisha bure, nami nikawa namsaidia kupanga vitabu vya maktaba ya shule. Nilipomaliza kidato cha sita nilitaka kusomea muziki. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki, akasema ada atalipa nikisoma uhasibu, nikitaka vingine nijitafutie. Nikasoma uhasibu.

Nikiwa chuoni hapa Dar nilikuwa napiga piano jioni kwenye hoteli moja mjini, hela ya matumizi ikipatikana humo. Baadaye nikaingia bendi ya kopi, tukipiga kwenye baa na kumbi za Sinza na Mwenge, mimi kwenye kibodi. Fedha alikuwa anapokea kiongozi wa bendi, na alitulipa alipojisikia. Kuna mwezi tulipiga kila wikiendi nikaambulia nauli. Nilipopata ajira kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini sikujiuliza mara mbili. Nikaolewa, nikazaa, kibodi nikaiuza.

Mwaka 2020 kazi zilipungua, kampuni ikapunguza watu na mimi nikawemo. Nikafungua kibanda cha uwakala wa fedha za simu na fotokopi. Kikaenda vizuri mpaka mawakala mtaani wakawa wengi kuliko wateja. Nikatunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, nikauza vitenge, nikapika keki za oda. Siku hizi mtu akiniuliza nafanya kazi gani huwa nasita kwanza.

Mwaka jana, kwenye harusi ya binti wa jirani, mpiga kinanda hakutokea kanisani. Jirani alikuwa anajua historia yangu, akanivuta mkono. Vidole vilikuwa vizito, lakini ibada ilikwenda. Nje, mama mmoja kutoka Mbezi Beach akaniuliza kama nafundisha watoto. Sasa nina wanafunzi sita, nawafuata makwao, kila mmoja mara moja kwa wiki, shilingi 20,000 kwa somo. Mzazi wa mmoja wao ni meneja wa hoteli Masaki, naye anataka nipige pale Ijumaa na Jumamosi, saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, kwa shilingi 80,000 kila jioni.

Hapohapo, aliyekuwa bosi wangu amefungua kampuni yake ya kutoa mizigo na ananitaka niwe mhasibu. Mshahara ni 1,200,000 mkononi baada ya makato. Ni kazi ya kila siku, Jumamosi ikiwemo, na meli ikiingia hakuna kujua utarudi nyumbani saa ngapi. Nimemwomba muda nifikirie. Mume wangu nimemwambia bado nasubiri jibu lao.

Mume wangu si mtu mbaya. Anasema muziki ni mzuri Jumapili, ila mke wake kukaa hotelini usiku hapana, na fedha za muziki hazina uhakika. Kaka yeye alinipigia simu akasema, "Ada yote ile nililipa ili uje upige kinanda?" Sikuwa na la kujibu.

Kuna mzungu anahama nchi, anauza piano ya mbao, ile ya kusimama inayoegemezwa ukutani, shilingi milioni 6. Anataka jibu mwisho wa mwezi. Naweza kukopa kikoba.

Mwisho Shangazi, cheti cha muziki sina, nimekaa zaidi ya miaka kumi bila kupiga, na mkono wa kulia unaniuma nikikaa sana. Nianze shule upya, labda Makumira au Bagamoyo? Au muda wangu umepita, nikubali ofisi nitulie?

Mpiga Kinanda, Tabata

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu.

Naanza na sentensi mbili ulizozipitisha haraka. Bosi umemwomba muda. Mume umemwambia unasubiri jibu lao. Jibu linalosubiriwa hapo ni lako wewe. Mumeo anapinga hoteli huku hajui kwamba kuna mshahara mezani, na hapa Dar atajua tu, kwa mtu wa bandarini au kwa bosi mwenyewe wakikutana msibani. Akijua kwa njia hiyo, mtakuwa hamzungumzii tena muziki. Mwambie kwanza. Mengine yote ninayoandika chini yanategemea hilo.

Nimesoma barua yako nikitafuta mahali unaposema ulichoka kupiga. Hakuna. Ulichoka kumngoja kiongozi wa bendi afungue mkono. Kaka alikupeleka uhasibu, sawa, lakini chuoni bado ulikuwa unapiga, na hata ulipomaliza ulipiga. Kilichokutoa ni kazi isiyo na bei wala muda wala karatasi. Kwa hiyo swali la kama wewe bado ni mpiga piano mimi silijibu, maana kuna wazazi wanakulipa kila wiki na meneja wa hoteli ameshalijibu. La kujibu ni nani analipa, kiasi gani, lini, na asipolipa inakuwaje.

Halafu, mwanangu, wewe ni mhasibu. Nimeshangaa barua imejaa tarakimu na haina jumla hata moja! Ngoja nikusaidie.

Wanafunzi sita kwa 20,000, wiki nne, ni 480,000 kwa mwezi. Hoteli jioni mbili kwa wiki kwa 80,000 ni 640,000. Jumla 1,120,000. Ukiishia hapo utasema ni karibu sawa na mshahara, na ndipo wengi wanapojidanganya. Watoto wa shule wanafunga Juni, wanafunga Desemba, kuna Pasaka, kuna mitihani, kuna mtoto anayeumwa na mzazi anayesahau. Weka miezi tisa ya kulipwa kwa mwaka: 4,320,000. Hoteli miezi 12, ikikaa sawa, ni 7,680,000. Toa usafiri wa usiku kutoka Masaki hadi Tabata, maana saa 3 usiku na begi la nota sitaki usimame kituoni. Tuseme 15,000 kwa safari, jioni nane kwa mwezi, ni 1,440,000 kwa mwaka. Kinachobaki ni 10,560,000, yaani 880,000 kwa mwezi. Na hapo sijakata kodi wala bima.

Pengo kati ya hiyo na ofisi ni 320,000 kwa mwezi. Mwanafunzi mmoja, kwa miezi tisa, anakuingizia wastani wa 60,000 kwa mwezi. Wanafunzi sita zaidi wanaliziba. Je, unaweza kupata sita wengine? Nadhani unaweza, ila si kwa kuwafuata wote majumbani, kwa sababu foleni ya Bagamoyo Road itakula mchana wako wote. Wanaokaa upande mmoja wapange siku moja. Wa Tabata na Segerea waje kwako.

Angalia pia umbo la hizo fedha. Zaidi ya nusu inatoka kwa mtu mmoja, meneja wa hoteli. Akihamishwa Arusha, au mwenye hoteli akaamua kuweka spika, unabaki na watoto. Mimi ningejenga juu ya ufundishaji na kuihesabu hoteli kama nyongeza nzuri inapokuwepo. Wapiga piano wengi duniani wanaishi kwa kufundisha, hata wenye majina.

Sasa bosi. Wewe umeandika kana kwamba majibu ni ndiyo au hapana. Kampuni inayoanza inahitaji mhasibu kweli, lakini inahitaji mhasibu siku zote? Unajua kuliko mimi kwamba kodi ya mishahara, PAYE, mwisho wake ni tarehe 7 na ritani ya VAT ni tarehe 20. Kazi nzito ya mwezi inajikusanya karibu na tarehe hizo. Mpelekee bosi pendekezo la mkataba: siku mbili kabla ya tarehe 7, siku tatu kabla ya tarehe 20, moja ya kufunga mwezi, asubuhi hadi saa 8 mchana, kwa malipo ya kazi hiyo. Ankara na makaratasi ya kila siku ashike kijana. Akikubali kwa 400,000 hivi, pengo lako limezibika na bado mchana na jioni ni zako. Akikataa, angalau amekataa kitu ulichokipima. Kazi nzima usiichukue. Nasema hivyo bila kuzunguka: kazi ya "meli ikiingia hakuna kurudi" itaua masomo ya watoto ndani ya mwezi wa kwanza, na wazazi wa Mbezi hawasubiri.

Karatasi hiyo ya hesabu ndiyo umpelekee mumeo. Anasema fedha za muziki hazina uhakika. Ana haki ya kusema hivyo kwa sababu hajaona tarakimu. Mkae mezani, awe na kalamu, afute anachotaka kufuta. Mpeni mpango huu miezi sita, na muandike kabisa ni kiasi gani kikishindikana mnarudi kuzungumza.

Kuhusu usiku, nusu ya hoja yake naiunga mkono. Mke kurudi Tabata saa 4 usiku bila usafiri wa uhakika ni jambo la kuzungumza na meneja, na liingie kwenye mkataba: ama hoteli inakurudisha, ama inalipa teksi. Nusu nyingine, ile ya "mke wangu hotelini", ni ya macho ya watu. Mpeleke siku moja akae pale na soda yake aone kazi yenyewe: mama amekaa kwenye stuli, mgongo kwa wageni, watu wanakula samaki na hakuna anayemwangalia. Wanaume wengi wa namna hiyo wanalegea wakishaona inavyochosha.

Kaka usimpelekee hesabu. Yeye hajaomba hesabu. Alibeba mzigo wa baba akiwa bado kijana, na akisikia umerudi kwenye kinanda anasikia kwamba ule mzigo ulikuwa bure. Panda basi uende Moshi, umshukuru kwa ile ada kwa maneno kamili, ana kwa ana, bila kuongeza "lakini". Umwambie pia kwamba uhasibu ndio unaokuwezesha usiibiwe tena na kiongozi wa bendi.

Mkataba wa hoteli uwe na haya: muda wa kupiga na wa kupumzika (dakika 45 kupiga na 15 kupumzika ni utaratibu wa kawaida), siku ya malipo, nani analipa usafiri, chakula, nani anaitunza piano yao, na notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote. Hilo la mwisho usiliachie. Siku ukumbi umekodiwa kwa mkutano na wakakwambia usije wakati umeshafika getini, inahesabika kama jioni ya kazi.

Sasa piano ya milioni 6. Acha.

Najua roho imekuuma. Piano ya mbao ina nyuzi za chuma kama 230, na zote kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani 15 hadi 20 ndani ya fremu. Dar ina unyevu na chumvi ya bahari. Nyuzi zinashika kutu, ubao wa sauti unavimba masika na kunywea kiangazi, na kila unapobadilika piano inatoka kwenye chuni, yaani sauti zake hazipatani tena. Inatakiwa kuchuniwa mara mbili kwa mwaka angalau, na mafundi wa kuchuni piano mjini hapa ni wachache. Vipini vinavyokaza nyuzi vikilegea kwenye ubao wake, hata fundi akichuni leo, kesho imeshuka. Mchwa na nondo nao wanapenda mbao na manyoya yale. Milioni 6 ya kikoba, na riba juu, ni masomo 300 kabla hujaanza kula. Na huyo anayehama ana haraka yake, si yako.

Nunua piano ya umeme yenye vitufe 88 vizito, vile vinavyorudisha nguvu kwenye kidole kama nyundo za piano ya kweli. Kibodi nyepesi ya kwaya itakuharibia mkono. Ya mtumba iliyotunzwa inafaa, ila kabla ya kulipa bonyeza kila kitufe, kimoja kimoja, polepole kisha kwa nguvu, na kanyaga pedali. Utafanya mazoezi saa 4 usiku kwa hedifoni, mtoto amelala na mwenye nyumba hajui. Umeme ukikatika unapumzika, mkono nao unahitaji. Siku ukitaka kugusa piano ya mbao, ya hoteli ipo, na unalipwa kuigusa.

Hapa nataka nikae kidogo, maana naona hujui ulichonacho.

Umelelewa na solfa. Wasomi wa muziki wengine huidharau, wanaiona ya kijijini. Lakini mtu wa solfa do yake inahama, wimbo ukipandishwa au ukishushwa. Mwimbaji akikuinamia sikioni akasema "dada shusha kidogo, sauti haifiki", wewe unashusha palepale wimbo ukiendelea, wakati aliyejifunza kwa nota peke yake anatafuta karatasi nyingine. Nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya za mji huu tangu nikiwa msichana na nimewaona wapiga kinanda wenye vyeti wakitoka jasho kwa jambo hilo. Kwenye hoteli, kwenye harusi, kwenye bendi, hicho ndicho kitu kinachokufanya uitwe tena. Wanafunzi wako wa Mbezi nao wafundishe kuimba do re mi kabla ya kubonyeza. Watakuwa na masikio ambayo wenzao hawana.

Pili, nyimbo. Meneja ataomba zile za mapenzi za Kizungu ambazo mgeni amezisikia kwenye lifti ya kila hoteli aliyolala. Zipige, ndizo anazozijua. Lakini tayarisha saa nzima ya muziki wa kwetu uliopangwa kwa piano, kwa sababu hapo ushindani ni mdogo sana. Chukua dansi la zamani. Bendi kama Msondo, iliyoanza 1964 kwa jina la NUTA Jazz, au Mlimani Park iliyoanza 1978, zimejengwa juu ya magitaa yanayojibizana. Mkono wa kushoto ushike besi, vidole vya chini vya kulia vishike rithimu, vya juu viimbe solo. Sehemu ya kuimba itakaa vizuri. Ukifika kwenye chemko, pale gitaa zinapokimbizana, punguza nota nusu na uondoe mguu kwenye pedali, kwa maana gitaa linadonoa na piano inavuma. Ukiacha pedali chini itakuwa vurugu tupu. Taarab ya zamani nayo ina makamu, ile mipangilio ya sauti ya Kiarabu, zenye robo-sauti zinazoangukia katikati ya vitufe, ambazo piano haina kabisa, basi chagua zile ambazo hazizitumii, vinginevyo mzee kutoka Unguja akipita pale atakunja uso.

Mgeni wa Masaki akisikia hivyo anauliza, na wenyeji wanaokula pale wanaweka kijiko chini. Ukishakuwa na saa hiyo moja imara, peleka barua kituo cha utamaduni cha Wafaransa, Alliance Française, pale Upanga, na kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space kule Mikocheni. Wanapokea mapendekezo ya wasanii, na hapo unapiga kwa jina lako.

Mkono. Maumivu hayo usiyapuuze wala usiyatibu kwa kupiga zaidi. Leon Fleisher wa Marekani alikuwa katika wapiga piano wakubwa wa kizazi chake, na katikati ya miaka ya 1960 vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikaanza kujikunja vyenyewe. Mwenyewe alisema alikuwa akiulazimisha mkono kwa mazoezi ya kupita kiasi. Akakaa zaidi ya miaka 30 akifundisha Baltimore, akiongoza okestra, akipiga vipande vilivyotungwa kwa mkono wa kushoto peke yake, ndipo akarudi kupiga kwa mikono miwili kwa msaada wa matibabu. Wewe hujafika huko. Anza na dakika 20, pumzika, dakika 20 tena, inatosha kwa siku. Skeli polepole mikono yote, bega chini, kiwiko usawa wa vitufe. Mkono ukianza kuuma, simama hapohapo. Ganzi au maumivu ya usiku yakiwepo, nenda kwa daktari wa mifupa na mishipa, usiende kwa anayekanda.

Kuhusu kuchelewa: Vladimir Horowitz, naye mpiga piano mkubwa, aliacha kupiga mbele ya watu mwaka 1953, akarudi kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York, tarehe 9 Mei 1965, miaka 12 baadaye, akiwa amepita 60. Ila nisikudanganye kwa mfano huo. Yeye rekodi zake zilikuwa sokoni na hakuwa na ada ya Januari. Ninachotaka uchukue kwake ni kwamba muziki ulio mikononi haufutiki kwa miaka 12. Unachelewa kutoka tu.

Cheti. Chuo cha Makumira kule Arusha wana shahada ya muziki na Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa, taasisi nzuri zote mbili, lakini si kwako mwaka huu ukiwa na watoto wawili Tabata. Unachohitaji ni karatasi ambayo mzazi wa Mbezi anaifahamu. Bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza, iliyoanza 1889, ina madaraja 1 hadi 8, haina umri wa mwisho, na huhitaji kuanzia la kwanza. Kuanzia la 6 wanataka kwanza uwe umefaulu nadharia ya daraja la 5 au mbadala wake, na hapo ndipo uanzie. Kwa mtu anayesoma nota na aliyezoea tarakimu, nadharia ile haitakusumbua. Tangu 2020 wana mtihani wa kujirekodi kwa video, vipande vinne mfululizo bila kukata, unatuma kwa mtandao. Lenga daraja la 8 polepole. Hapo utaweza kuwaandaa wanafunzi wako kwa mitihani hiyohiyo, na bei ya somo itapanda bila ugomvi.

Harusi. Jumapili usharikani kwako piga bure, hiyo ni sadaka yako na hakuna anayekudai maelezo. Harusi ni jambo jingine. Kamati ina bajeti ya mapambo, ya mshereheshaji, ya video na ya keki, ikifika kwa mpiga kinanda inasema "dada yetu atatusaidia". Dada yao ana bei. Iandike, iwe moja kwa wote, nusu ilipwe kabla. Jamaa wa karibu kabisa, mtoto wa kaka kwa mfano, mpigie kama zawadi na useme wazi kuwa ndiyo zawadi yako, usichangie tena.

Mambo ya makaratasi nayajua hupendi ila unayaweza. Jisajili BASATA, baraza la sanaa, kama msanii. TIN, namba ya mlipa kodi, unayo tangu kibandani, badilisha tu shughuli uliyoandikisha. NSSF inapokea michango ya waliojiajiri, anza hata na kidogo. Na ukianza kupanga nyimbo za watu kwa piano kisha ukataka kuzirekodi na kuziuza, wenye nyimbo au warithi wao wana haki zao, kwa hiyo pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize ruhusa inapatikanaje kabla hujalipia studio. Kupiga tu hotelini, kibali cha muziki ni jukumu la hoteli, na muulize meneja kama anacho.